Bamvua la Kijichi

"Kaa hawasubiri daladala," mzee mmoja mwindaji wa kaa wa Kijichi aliniambia kwenye simu. "Ukitaka kuwaona wanavyoteremsha watoto, njoo ulale huku huku."

Basi nikaondoka Mwananyamala jioni, nikapitia Kariakoo, nikapanda gari la Mbagala lililojaa mpaka mlangoni. Barabara ya Kilwa ilitupokea na foleni yake ya kila siku. Sabasaba, kwa Aziz Ali, konda anaita vituo huku noti zimekunjwa katikati ya vidole. Nikashuka, nikamalizia kwa bodaboda hadi Mtoni Kijichi kwa dada yangu, binti wa mama mkubwa, ambaye hakuelewa mtu anatokaje Kinondoni yote ile kuja kuangalia kaa.

"Si wapo sokoni Feri, tena wameshafungwa magando, hawakuumi?" alisema akinipakulia wali na mchicha wa nazi.

"Wa Feri nitawaona kesho mchana, dada."

"Haya. Lakini ukirudi na matope, unaogea uani."

Temeke, wilaya iliyo na Kijichi, inajulikana kwa Uwanja wa Mkapa, kwa viwanda vya Chang'ombe, kwa soko la Tandika na kwa Mbagala isiyolala. Bahari yake haitajwi sana, hasa tangu Kigamboni ikatwe kuwa wilaya na kuondoka na fukwe zote zinazopigwa picha. Kilichobaki upande huu ni ukingo wa mkono wa bahari. Maji yanaingia kwenye lango la bandari pale Feri, yanapita mbele ya gati za meli na chini ya Daraja la Nyerere la Kurasini, lile lililofunguliwa mwaka 2016, kisha yanajipenyeza kusini hadi Mtoni na Kijichi, ambako yanakutana na Mto Kizinga na Mto Mzinga. Mikoko imesimama humo. Mizizi yake imevaa nailoni, ndala zisizo na pacha na chupa za soda, kwa sababu kila mvua inyeshapo Mbagala takataka zake hushuka na mto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata dampo la jiji lilikuwa Mtoni. Watafiti wamewahi kuja hapa, na kule Msimbazi, kupima metali nzito ndani ya konokono wa mikoko. Ukisimama ukingoni mchana wa jua kali, pua ndiyo inayokuambia umefika.

Na humo humo kaa wamejaa tele.

Tuliteremka saa tisa na nusu usiku. Mzee alikuwa ananisubiri kwenye kona ya msikiti, kavaa kaptura na fulana ya Yanga iliyopauka, kidumu cha lita tano mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Viatu hivyo virudishe kwa dada yako. Tope la huku likichukua halirudishi."

Mwezi ulikuwa umepevuka usiku uliotangulia, kwa hiyo tulitembea bila kuwasha tochi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukipevuka au ukiandama, bahari ya Dar es Salaam ina saa zake ambazo haziachi. Maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukupwa mnamo saa nne au saa tano. Zikija siku za maji mafu, saa zinageuka na maji yenyewe yanapanda kwa uvivu. Mzee hana haja ya jedwali la bandari. Kwake alfajiri ya bamvua ina mambo matatu yanayokutana mara moja: maji yamefika kileleni, jua halijachomoza, na mkondo uko karibu kugeuka kurudi baharini. Kaa jike wa mikoko anayasubiri yote matatu, na likikosekana moja anaahirisha.

Tulisimama kwenye michu, ile mikoko ya upande wa nchi kavu inayochomoza vijiti vya kupumulia kutoka ardhini. Siku za kawaida maji hayafiki hapo. Alfajiri ile yalikuwa magotini na bado yanapanda. Mbele yetu ilianza mikoko yenyewe, yenye mizizi mirefu iliyoinama, na kwenye mizizi hiyo palikuwa na mchakacho mdogo usiokoma wa miguu ya kaa. Nilikuwa nimeifunga tochi yangu nailoni nyekundu ili mwanga usiwashtue. Nilipoiwasha, mzee akanishika mkono na kuuelekeza polepole kwenye mzizi mmoja.

Kaa mwenyewe alikuwa mdogo, gamba lake upana wa vidole viwili, magando mekundu. Anashuka kinyumenyume, kituo kwa kituo, mpaka maji yakamgusa tumboni. Akasimama. Kile kifuniko kipana ambacho kaa jike hukikunja chini ya kifua kilikuwa kimeachama kwa sababu ya mzigo uliokuwa ndani, bonge la rangi ya kahawia iliyoiva kuelekea weusi. Ghafla akatikisika mwili mzima, kwa kasi, kama mama anayekung'uta kanga, akatulia, akatikisika tena. Chini yake, ndani ya duara la mwanga mwekundu, maji yakachafuka kwa kitu mfano wa vumbi la kijivu. Likaelea kidogo, mkondo ukalivuta. Alirudia mara kadhaa, kisha akapanda mzizi wake na kuanza kujikwangua tumboni kwa ncha za miguu, anaondoa maganda matupu yaliyobaki kwenye manyoya. Kazi ya wiki mbili au zaidi ilikwisha kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Jirani yake akafuata, halafu mwingine. Wengine walikuwa wamejipanga juu zaidi, bado wanangoja.

Mzee aliteka maji kwenye kidumu kilichokatwa juu. Nikaondoa nailoni nyekundu na kuangaza upande mmoja. Ndani ya muda mfupi lile vumbi likasogea lenyewe na kusongamana pale palipo na mwanga. Nilikuwa na lenzi ya mkononi, ile wanayotumia masonara. Kila chembe ilikuwa na macho mawili makubwa meusi kupita kiasi, mkia uliokunjamana, na mwiba mrefu kichwani na mwingine mgongoni. Hakuna anayeweza kumwangalia kiluwiluwi huyo akakisia kwamba ni mtoto wa kaa. Hatembei, hana gando, hajui tope ni nini. Anaogelea kwa kurukaruka na kwa sasa anachohitaji ni kutoka hapa haraka, maana ukingoni mwa mwanga walikuwa wameshafika visamaki vyembamba vyenye mstari wa fedha ubavuni, wanadonoa. Ndiyo maana mama anachagua giza na maji yanayotoka. Samaki wanaokula kwa kuona hawaoni vizuri usiku, na mkondo wa bamvua ndio wenye nguvu ya kuwafikisha watoto mbali kabla hapajakucha.

"Wanaenda wapi hawa, mzee?"

"Feri," akajibu, na kucheka mwenyewe. "Kisha wanaendelea."

Nilikuwa nimesoma juu ya jambo hili kabla ya kuja, na lipo jambo moja nililotaka kumwuliza mzee ana kwa ana. Mwaka 2005 mtafiti Martin Skov na wenzake, wakiwemo Ruwa wa Kenya na Shunula wa Zanzibar, walichapisha utafiti kuhusu kaa wa mikoko wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Mabamvua mawili ya mwezi mmoja hayalingani. Mwezi hauizunguki dunia kwa duara kamili, kuna siku unakaribia na kuna siku unakuwa mbali. Ukiwa karibu wakati umepevuka, bamvua la mwezi mpevu ndilo kubwa na la giza linakuwa dogo. Miezi kama saba baadaye hali imepinduka, bamvua la giza ndilo linalotawala, na mzunguko mzima unachukua takriban siku 411, yaani miezi 14 ya mwandamo kasoro kidogo. Kaa waliochunguzwa walikuwa wanauhama mwezi. Walizaa kwa wingi kwenye mwezi mpevu ulipokuwa na maji makubwa zaidi, na walihamia kwenye mwezi mchanga mambo yalipogeuka. Hawakuwa wanafuata mwanga wa mwezi, walikuwa wanafuata maji.

Nikamwuliza mzee kama amewahi kuliona hilo.

"Kwani wewe ukitaka kuteka maji utakwenda bombani siku ambayo hayatoki?" alisema. "Bamvua kubwa likihama, na wao wanahama. Miezi saba nyuma ungekuja usiku wa mbalamwezi ungeona wachache tu."

Hiyo haimaanishi kwamba kaa wote duniani wana saa moja. Kwenye kisiwa cha Christmas cha Australia, ambako kaa wekundu kwa makumi ya mamilioni huvuka barabara zinazofungwa kwa ajili yao, majike humwaga mayai kabla ya alfajiri maji yakiwa yanatoka, lakini huchagua robo ya mwisho ya mwezi, wakati maji hayana tofauti kubwa. Kila pwani ina hesabu yake. Na wapo kaa wasio na haja na bahari hata kidogo. Mimi nimekulia chini ya milima ya Uluguru, na tulipokuwa tunapindua mawe mtoni utotoni tulikuwa tunakuta kaa jike ambaye ukifungua kifuniko chake unakuta watoto kamili ndani, miguu yote, magando yote, wadogo kama punje. Kaa wa maji baridi hutaga mayai machache na makubwa. Mtoto humaliza hatua zote za uluwiluwi ndani ya yai, na anapoanguliwa anabaki amejificha kwa mama siku kadhaa. Kule Amani, Usambara ya Mashariki, yupo hata anayeishi kwenye mashimo ya miti yaliyotuama maji ya mvua. Wanasayansi walimpa jina rasmi mwaka 2004. Yeye na huyu mwenye magando mekundu wa Kijichi wana kifuniko kile kile chini ya kifua. Mmoja amekigeuza chumba cha kulelea, mwingine anakitumia kama behewa, akifika kituoni anafungua mlango.

Kulipokucha tulikunywa chai ya rangi na chapati kwa mama lishe mmoja kando ya njia, miguu yetu ikiwa na soksi za tope mpaka magotini, na hakuna aliyetushangaa. Mzee alinitaka nisubiri. Kazi inayomlipa yeye ni ya saa nne.

Saa nne maji yalikuwa yamekimbia. Pale palipokuwa bahari alfajiri palikuwa sasa na uwanda wa tope unaong'aa, vijito vyembamba katikati, na kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakipungiana kila upande. Hao hawamhusu. Anamfuata kaa mkubwa wa matope, yule anayeuzwa kwa kilo, ambaye dume wake aliyekomaa anaweza kuvunja kidole cha mtu. Silaha yake ni ufito wa chuma uliopindwa ncha. Anautumbukiza kwenye shimo chini ya mzizi wa mkoko, kwa mshazari, anasikiliza kwa kiganja. Akigusa jiwe anajua, akigusa mzizi anajua, akigusa gamba uso wake unabadilika. Anavuta kwa subira, kaa anatoka amekasirika, mzee anamwekea unyayo mgongoni na kumfunga magando kwa vipande vya mpira wa baiskeli kabla sijaweza kusema pole.

Alipopata watatu aliwapindua mmoja mmoja kwenye jani la mgomba ili nione. Dume ana kifuniko chembamba kinachochongoka. Jike ambaye hajapevuka ana cha pembetatu. Jike mzima ana kifuniko kipana cha mviringo kinachofunika karibu kifua chote, pembeni kimeota nywele. "Huyu mwanamwali," alisema akimgusa wa pili. "Huyu ni mama." Kisha akafanya jambo ambalo wanunuzi wote wa kaa hulifanya. Alibonyeza pale gamba la mgongoni linapokutana na kifuniko, pakaachia ufa mdogo, na ndani ya ufa ikaonekana rangi ya chungwa iliyokolea.

"Amejaa. Huyu hoteli zinamgombania. Bei yake ya peke yake."

Hayo ni mayai ya ndani, bado yako kwenye ovari. Nikamwuliza kama ndani ya mikoko hii amewahi kumtoa kaa mkubwa wa aina hii mwenye mayai ya nje, yaliyoshika chini ya kifuniko kama wale wa alfajiri.

Alifikiri. "Wale wadogo ndiyo kila siku. Huyu, hapana. Akishajaa namna hii unamwona leo, kesho shimo tupu. Anashuka."

"Anashuka wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa bandari. "Maji makubwa."

Yuko sahihi kabisa, na nadhani hili ndilo jambo ambalo mji mzima wa walaji kaa haulijui. Safari ya kaa huyu huanza pale jike anapojivua gamba kwa mara ya mwisho kabla ya kukomaa. Siku kadhaa kabla, dume humbeba chini ya kifua chake na kumlinda. Gamba likishavuliwa, mwili ukiwa bado laini, ndipo wanapopandana, kwa saa nyingi. Mbegu za dume hazitumiki siku hiyo. Jike anazihifadhi kwenye vifuko maalumu mwilini, na anaweza kuzitumia wiki au miezi baadaye, tena kwa mafungu zaidi ya moja bila kukutana na dume mwingine. Gamba linakauka, ovari zinajaa, rangi inakolea. Kisha anaaga mikoko na kuelekea baharini.

Nje huko, mchangani, anachimba kitako na kutaga. Mayai hukutana na mbegu zilizohifadhiwa, yanatoka kwenye matundu mawili kifuani na kuingia kwenye kifuniko kilichojikunja, ambako kuna jozi nne za vijiguu vyenye manyoya. Kila yai linajifunga kwenye unywele kwa kikonyo chake. Watu wanaojaribu kuzalisha kaa hawa kwenye matangi hujifunza mapema kwamba wasipoweka mchanga chini, sehemu kubwa ya mayai hushindwa kushika na kupotea, kwa sababu jike anautumia mchanga kukifanya kifuniko kuwa chombo. Mayai hufikia mamilioni kwa jike mmoja, mawili, matano, na zaidi kwa mkubwa. Yanaanza na rangi ya chungwa, kiini kinavyoliwa yanakuwa ya kahawia, na mwisho meusi kwa sababu ya macho ya watoto. Kwa joto la maji yetu hilo huchukua kama siku kumi hadi wiki mbili. Muda wote huo mama anajiinua kwa ncha za miguu na kuyapepea ili yapate hewa, anayachokoa na kutoa yaliyooza.

Sababu ya kwenda mbali ni chumvi. Viluwiluwi wa kaa huyu hawavumilii maji yaliyochanganyika na ya mto. Mama anayeishi Kijichi, ambako masika Kizinga na Mzinga hugeuza maji kuwa ya kahawia na baridi, akimwaga watoto hapo anawaua. Kaskazini mwa Australia, meli za kuvulia kamba zimewahi kunasa majike wa kaa huyu huyu wenye mayai hadi kilomita 95 kutoka ufukweni.

Sasa rudi kwa yule wa rangi ya chungwa juu ya jani la mgomba. Nchi nyingi zina katazo la kuuza kaa mwenye mayai ya nje, na ni katazo linaloeleweka upesi, kwa sababu mayai yanaonekana. Lakini kwa kaa wa matope katazo la namna hiyo linalinda karibu hewa tupu. Mwenye mayai ya nje hayuko kwenye mikoko, na mwindaji wa mikoko hamkuti. Anayemkuta, na anayemletea bei nzuri zaidi, ni huyu wa siku chache kabla ya kushuka. Jimbo la Queensland, huko huko Australia, lilikwepa mtego huo kwa kukataza kuchukua kaa jike wa matope wa aina yoyote, mwenye mayai au asiye nayo. Sisemi tuige. Mzee ana wajukuu anaowasomesha, na ukimwondolea majike umemwondolea nusu ya shimo. Ninachosema ni kwamba yeyote atakayekaa kuandika sheria ya kaa kwa ajili ya pwani hii aanze kwa kubonyeza ufa ule nyuma ya gamba. Hata ufugaji wa kaa unaosifiwa sasa, kuanzia Mkinga mpaka Mtwara, kwa kiasi kikubwa unategemea vifaranga wanaookotwa kwenye mikoko, na kila kifaranga ni mtoto wa mama fulani aliyefanikiwa kushuka.

Mzee alimweka kwenye kikapu. Nami sikumwambia asifanye hivyo.

Mchana nilipanda gari la kurudi mjini, nimeoga uani kama nilivyoagizwa, nikaenda Feri. Soko lilikuwa limepoa, wanaume wanakwangua magamba ya samaki na paka wamelala wameshiba. Kaa wa matope walikuwepo, wamefungwa na kupangwa, wengi majike. Nilichokuwa nakitafuta nilikipata kwenye ndoo ya dada mmoja aliyekuwa na mchanganyiko wa mabaki ya nyavu. Yumo kaa mwembamba wa kuogelea, miguu ya nyuma bapa, mwili wenye madoa na magando marefu. Aina hii haijifichi kwenye tope, huishi kwenye mchanga wa bahari ya kina kifupi, na kwa hiyo nyavu za kawaida humleta na mayai yake nje.

"Dada, naomba nimwangalie huyu."

"Mwangalie, kaka. Ukimaliza umnunue."

Bonge lilikuwa limemfumua kifuniko hadi kikasimama wima, rangi ya kijivu cha moshi. Niliweka lenzi. Nilichokiona kwanza ni shanga, maelfu, zimeshonwa kwenye nyuzi za manyoya. Nikasogeza jicho. Ndani ya kila shanga palikuwa na nukta mbili nyeusi, zimekaa sambamba. Yalikuwa macho. Kaa alikuwa bado hai, na kila baada ya muda kifuniko kilitikisika kidogo, bado anawapepea watoto ndani ya ndoo isiyo na maji ya kutosha. Siku moja zaidi, labda mbili, na wangekuwa majini.

"Hayo mayai mnayafanyaje?" nilimwuliza.

"Tunayakwangua. Wateja hawayapendi ya nje, yana mchanga. Wanataka ya ndani."

Nikamnunua, kwa bei ambayo dada aliipandisha mara tu aliponiona na lenzi. Nikashuka gatini, nikalipa shilingi mia mbili za pantoni. Katikati ya lango la bandari nilimshusha kwa mfuko na kamba mpaka majini na kumwachia, jambo ambalo abiria wawili walilijadili waziwazi kama dalili ya ugonjwa. Lilikuwa ni tendo la kitoto na sijioni shujaa. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni, maji yanakaribia kujaa kwa mara ya pili siku hiyo. Nyuma yangu zilikuwa meli za makontena, na chini ya pantoni ulipita ule mkondo ambao watoto wa alfajiri wa Kijichi walikuwa wameupitia saa kadhaa kabla yangu. Nje huko watabadilika mara kadhaa, kwa wiki mbili, tatu au zaidi, mpaka wawe na magando madogo na mkia bado. Wakiwa katika umbo hilo ndipo wanapotafuta maji yanayoingia, na wachache watarudi chini ya daraja kutafuta tope. Hakuna anayehakikisha kwamba mtoto wa Kijichi atarudi Kijichi. Anaweza kuishia Ras Dege au Kunduchi, na kaa anayechokolewa leo Mtoni anaweza kuwa mtoto wa mama wa Mbweni.

Miezi ilipita. Nilipompigia mzee kumjulia hali na kumwomba nije tena na mpiga picha, nilimtajia tarehe ya mwezi mpevu niliyokuwa nimeizungushia kwenye kalenda.

"Tarehe hiyo utapiga picha mizizi," alisema. "Siku hizi maji makubwa ni ya giza. Njoo mwezi ukiandama, na huyo mpiga picha mwambie asije na viatu vya gharama."